Kundi la Wateja Lilivyonihukumu kwa Methali

Picha ile iliingia kwenye kundi Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mwalimu wa chekechea, nimefika mstari wa nne, na simu yangu ikaanza kutetemeka juu ya kabati la mafuta kama kuku aliyefungwa miguu. Ilitetemeka mpaka ikaanguka. Mwalimu akaniambia, "Pokea tu, mama, labda kuna msiba." Nikamjibu kwamba msiba hupigiwa simu, hauletwi kwa mitetemo arobaini. Nikaendelea kusuka.

Kumbe msiba ulikuwa wangu.

Kundi lenyewe ni la wateja wa saluni. Wifi yangu, mwenye saluni, alilifungua kwenye simu ili atangaze siku tunazofunga na rangi mpya za rasta zilizoingia. Lina wanawake mia mbili na kitu, na wengi wao nimewashika vichwa tangu wana meno ya utoto. Wifi ni dada wa mwanamume aliyenioa, akanizalisha mtoto mmoja wa kike, kisha akahamia kwa mwanamke mwingine mtaa wa pili bila hata kubadilisha duka analonunulia sigara. Ndoa ilikufa, uwifi ukabaki. Mimi ndiye niliyemfundisha wifi kushika kitana. Alipofungua saluni alinipa kiti cha dirishani, penye mwanga, akasema, "Hapa ni pako mpaka uzeeke." Hatukuandikishana. Sikujua kwamba neno la wifi nalo linahitaji muhuri.

Nilisoma mpaka darasa la pili. Kusoma kwa kweli nilijifunza kwenye chupa za dawa ya nywele, herufi moja moja, kwa sababu ukikosea chupa unamchoma mtu. Nalisema hili mapema kwa kuwa kule kwenye kundi walilisema sana.

Picha ilikuwa ya binti mmoja anayetarajia kuolewa, nami nitamwita bibi harusi kama kila mtu alivyomwita. Alikuwa amejipiga mbele ya kioo cha bafuni, kitambaa amekivuta nyuma. Kuanzia sikio hadi sikio, juu ya paji la uso, palikuwa na ukanda mtupu, mwekundu kidogo, unang'aa kama mgongo wa kijiko. Chini yake ameandika: "Alhamisi nilisukwa saluni. Leo Jumanne niko hivi. Harusi imebaki wiki tatu. Msusi mnamjua."

Alhamisi ile naikumbuka. Alitaka mistari ya kulala, ya kuvalia wigi juu yake. Aliniomba nianzie mwanzo kabisa wa nywele ili wigi lilale vizuri. Nikakataa. Mimi sishiki nywele za ukingoni. Naacha upana wa vidole viwili, ndipo naanza mstari, na wanaonijua hunitania kwa hilo. Nilimwambia, "Hizi za mbele ni vichanga, hazibebeshwi mzigo." Akanuna. Nikamsuka, akaenda zake akiwa hana hata chunusi.

Basi kundi likaanza.

Wa kwanza alikuwa mwenye duka la vitambaa. "Alhamisi amesukwa, Jumanne hana nywele. Kuna la kuuliza hapo?" Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Kati ya Alhamisi na Jumanne kuna Ijumaa, kuna Jumamosi, kuna Jumapili na Jumatatu, na siku zote hizo binti alikuwa na kichwa chake mwenyewe. Hakuna aliyeuliza kichwa hicho kilifanyiwa nini. Kwa akili hiyo, jogoo akiwika kukakucha, basi jogoo ndiye aliyeleta jua.

Mwingine akaandika, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Akapata mioyo thelathini.

Methali hiyo naichukia, na leo nitasema kwa nini. Hebu itazameni vizuri. Inasema nikisingiziwa ni kweli, na kama si kweli itakuja kuwa kweli. Mtu anatokea wapi hapo? Ni nyumba isiyo na mlango. Wakisema wewe mwizi, umeiba. Kama hujaiba, wasubiri kidogo. Wazee walituachia methali nyingi nzuri, lakini nyingine nadhani walizisema wakiwa na hasira kama mimi sasa, na sisi tukazibeba bila kuzigeuza chini tuone kama zimeoza.

Akaja wa "pafukapo moshi pana moto". Akaja wa kusema hajasoma huyo, saluni nyingine wana vyeti ukutani. Huyo wa vyeti namsuka mwaka wa kumi na sita, na nywele zake hazijawahi kuniuliza cheti. Akaja "daktari". Huyu anaandika majina ya wagonjwa mapokezini kwa daktari wa meno. Akasema kitaalamu kusuka kunaua mizizi, wakamjibu kwa heshima, "Asante sana daktari." Meno na nywele vyote viko kichwani, nadhani hapo ndipo walipopatia. Na mwingine akaonya: leo nywele, kesho atawatoboa watoto wetu macho kwa kitana. Kitana kimetoka vipi kwenye nywele mpaka kwenye jicho, hakusema.

Mtu mmoja tu aliandika, "Tumsikilize na msusi." Ni huyo huyo mwalimu wa chekechea niliyekuwa nikimsuka. Akajibiwa papo hapo: "Kwa hiyo wewe unafurahia binti wa watu kupata upara? Chagua upande." Akaufuta ujumbe wake akiwa amekaa kwenye kiti changu, namwona kwenye kioo.

"Samahani, mama," alisema. "Nina watoto wa watu shuleni. Sitaki maneno."

Nikamwambia ainamishe kichwa.

Wifi akatoka chumba cha kuoshea nywele, simu mkononi.

"Wifi, umeona?"

"Nimeona. Ukingo ule sikuushika. Unajua sishiki."

"Najua mimi. Wao hawajui."

"Waambie."

Akajikuna shingo. "Watu mia mbili, wifi. Wengi wape."

"Niwape nini? Wape kitana wasuke."

"Usiniletee utani. Pumzika kwanza. Jumamosi bibi harusi anakuja na mama yake, na wateja wengine watakuwepo, tuzungumze kama watu wazima. Wakisema huwezi kubaki, nitafanyaje? Mpaka siku hiyo kiti atakikalia yule msichana mpya."

Nilimaliza kichwa cha mwalimu kwa sababu siachi kichwa nusu. Kabla sijakusanya vitana vyangu, wifi alikuwa ameshaandika kwenye kundi: "Msusi husika amesimamishwa. Saluni inajali wateja wake." Miaka ishirini na sita ya kusuka, na siku moja nikawa husika.

Sina kazi nyingine. Sijui kuuza, sijui kupika kwa watu, magoti yangu hayafui nguo tena. Najua vichwa. Kiti kile kikiondoka, mimi na mwanangu tunarudi kuishi kwa huruma za ukoo wa baba yake, na huruma zile nilishazionja. Zina chumvi nyingi.

Nilinyamaza siku nzima ya Jumatano. Jioni wakaandika, "Amenyamaza. Anajua alichokifanya." Alhamisi nikasema, kwa ujumbe wa sauti, maana kuandika kwangu ni kwa mwendo wa konokono. Nikasema hivi tu: "Muulizeni bibi harusi, baada ya kutoka kwangu alipaka nini mbele ya kichwa." Mwenye duka la vitambaa akaruka: "Mmesikia? Anasema binti kajinyoa mwenyewe makusudi, na harusi hiyo inakuja." Sikusema hivyo. Walinitia maneno yao mdomoni, kisha wakanizaba makofi kwa maneno hayo hayo. Mwingine akadai, "Thibitisha kuwa si wewe." Nikamwambia na yeye athibitishe kwamba hakumla kuku wa jirani yangu aliyepotea mwaka juzi. Wakasema sasa nawaita wateja wezi.

Ndipo mama wa bibi harusi akatuma sauti yake. Ilikuwa tulivu, ya mtu aliyepanga. "Mwanamke ameachwa na mume, anawaonea wivu wanaoolewa. Ndiyo maana kamharibu mwanangu."

Hapo niliona giza. Nilibonyeza simu nikasema. Nilimwambia akumbuke alivyoolewa na tumbo lake lilikuwa limefika wapi siku hiyo. Nikamwambia upara ni wa ukoo wao, kwamba marehemu mama yake alivaa kilemba mpaka kaburini kwa sababu hakuwa na unywele. Nilisema kwa sauti nzuri kabisa, kila neno likasikika.

Ndani ya saa moja sauti yangu ilikuwa imefika kwenye makundi nisiyoyajua. Na kuanzia hapo nywele zilisahauliwa. Hakuna tena aliyezungumza ukingo wala Alhamisi. Watu walimzungumza marehemu. Hata wale watatu wanne waliokuwa wakinionea huruma kimya kimya walisema, kumbe ndivyo alivyo.

Mwanangu anafanya kazi kwenye duka la kunakilisha karatasi. Alirudi nyumbani akaweka mkoba chini, hakuvua viatu.

"Mama, ile sauti ni yako? Nimeisikia kwenye simu ya mteja nisiyemjua."

"Ni yangu. Alinianza."

"Alikuanza kwa lipi?"

"Kwa kuachwa na baba yako."

"Ukamjibu kwa bibi aliyekufa. Nywele ziko wapi hapo?"

"Usinifundishe, mwanangu."

"Sikufundishi. Shuleni tulikuwa na mdahalo. Ukimsema mtu badala ya kuisema hoja yake, mwalimu anakukata alama hata kama wewe ndiye mwenye haki, hata kama darasa zima linakushangilia. Ulikuwa na hoja moja nzuri, mama. Umeiacha mezani ukaenda kuokota mawe."

Nilimwambia aondoke mbele yangu. Hakuondoka. Ana kiburi cha kwetu, si cha kwa baba yake.

"Na mimi niliwauliza kule kwenye kundi swali moja tu," alisema. "Nani alikuona ukishika ukingo? Wakanijibu mtoto wa nyoka ni nyoka. Sasa nikinyamaza ni nyoka, nikisema ni nyoka. Basi tuache kusema. Tuitazame picha."

Hapo aibu ilinishika, na sikuipenda. Tangu Jumanne nilikuwa sijaitazama picha ile. Niliiona mara moja, nikaona upara, nikaingia kwenye maneno kama wao. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutazama kichwa, nilikuwa nimesoma matusi mia tatu na sikutazama kichwa.

Mwanangu akaweka vidole juu ya kioo cha simu akakivuta, picha ikakua.

"Mistari yako inaanzia wapi?"

"Hapa."

"Na upara unaishia wapi?"

Nikasogeza simu karibu na macho. "Hapa hapa."

Nyuma ya ule ukanda mtupu mistari yangu ilikuwa imesimama yote, kumi na mmoja, haujatikisika hata mmoja. Nywele nilizozishika zilikuwepo. Zilizotoka ni zile nilizokataa kuzishika. Na picha yenyewe ndiyo iliyonihukumu. Wanawake mia mbili waliipokea, wakaipenda, wakaisambaza, wakaililia kwa vijisura vya machozi, na hakuna mmoja aliyeitazama. Nilikasirika mpaka meno yakauma.

"Itume sasa hivi," nilisema.

"Hapana. Ukiituma sasa watasema umeichezea. Subiri Jumamosi, mbele ya kichwa chenyewe. Na kwanza umwombe mama yake radhi kwa lile la marehemu."

"Na yeye la kuniita mwenye wivu?"

"Hilo ni lake. Wewe futa lako, wasipate pa kukimbilia."

Jumamosi benchi la saluni lilijaa, wengine wakasimama kwenye korido. Mwenye duka la vitambaa alikuwa ameshika simu juu, anarekodi. Yule msichana mpya alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Aliponiona akainuka bila kuambiwa. Bibi harusi akaingia amefunga kitambaa, mama yake nyuma yake, midomo imebanwa.

Sikusubiri waanze. "Mama," nilimwambia, "lile la marehemu mama yako nilikosea, na lile la ndoa yako nilikosea. Hayahusiani na nywele. Naomba radhi." Maneno yale yalipita kooni kama mfupa wa samaki.

"Na upara wa ukoo?" aliuliza.

"Hata huo sikuwa na ushahidi nao."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mama yule alikuwa amekuja amejiandaa kwa vita, akakuta mlango uko wazi, hakujua aingie na mguu gani. Mwenye duka la vitambaa akamsaidia.

"Umeomba radhi, maana yake umekiri."

"Nimekiri tusi. Nywele sijazikiri. Hivyo ni vitu viwili, dada, hata ukivirekodi kwa simu moja."

Nikamwambia bibi harusi akae dirishani atoe kitambaa. Akamtazama mama yake, kisha akakitoa. Bado alikuwa na mistari yangu. Aliogopa kuifumua asije akabaki na kichwa cha yai. Nikasimama kando, mikono nyuma.

"Huu mstari wa katikati nani alikusuka?"

"Wewe."

"Uvute."

Akauvuta.

"Umetoka?"

"Haujatoka."

"Vuta wa pembeni. Umetoka?"

"Hapana."

"Alhamisi uliniomba nianzie wapi?"

Akainamisha macho. "Mwanzo kabisa."

"Nikasemaje?"

"Ulikataa. Ulisema ni vichanga."

Nikaweka vidole vyangu viwili juu ya ule ukanda. Vilienea kama vimepimiwa hapo. Nikawaambia wale wengine, "Njooni mmoja mmoja. Msiniamini, mimi sijasoma. Tazameni tu." Walikuja. Wa vyeti alikuja. "Daktari" aliinama mpaka pua ikakaribia, akarudi benchi bila kutoa neno la kitaalamu.

"Ulipaka nini hapa?" nilimuuliza binti.

"Gundi ya wigi. Ijumaa. Muuzaji alisema inashika wiki mbili. Jumatatu ikaanza kuwasha sana, nikalivuta wigi."

"Kavu?"

"Kavu."

"Kwa nini ukanitaja mimi?"

"Wewe ndiye uliyekuwa umenisuka. Nikajua ni wewe."

"Ulijua au ulidhani?"

Akaanza kulia. Nilimpa kitambaa ajifute, sikumfuta. Nikamwambia asipake kitu chochote mpaka ngozi ipoe, na isipopoa aende kwa daktari wa ngozi, asiende kwa wa meno.

Mama yake akashusha pumzi. "Haya. Yamekwisha. Sote ni wanawake."

"Yamekwisha," wifi akadakia haraka. "Rudi kitini, wifi. Yaishe hapa hapa."

Nilikuwa nimeshika mfuko wa vitana vyangu. Nikasogea mlangoni.

"Jumanne uliandika nimesimamishwa. Andika kilichotokea leo."

"Watu wameshaona."

"Waliomo humu hawazidi ishirini. Kule ni mia mbili. Andika kule kule ulikoandika."

"Unataka kuniaibisha mbele ya wateja wangu?"

"Nataka uandike. Usipoandika sikai."

Alinitazama. Alijua sina pa kwenda, na mimi nilijua kwamba anajua. Ndani kulikuwa na mteja mwenye povu kichwani anasubiri kuoshwa. Wifi akavuta simu, akaandika, akanionyesha: "Msusi wetu hahusiki. Nywele zilitoka kwa gundi ya wigi. Tulikosea kumsimamisha kabla ya kuuliza."

Nikaisoma yote. "Ondoa tulikosea," nilisema. "Weka nilikosea. Mimi sikuwemo, na hawa hawana saluni."

Sijawahi kuona mtu akibonyeza herufi mbili kwa chuki kama ile. Lakini alibonyeza. Nikaenda kukaa.

Picha ya kwanza ilikuwa imepata mioyo na machozi mia na kumi. Ujumbe huu ulipata tisa. Mwenye duka la vitambaa aliandika "Mungu ni mwema", kisha akatangaza vitambaa vipya. Wengi hawakurudi kwangu. Si kwamba bado wanaamini ni mimi. Wanaona haya kukaa mbele ya mtu waliyemkosea, na haya hiyo wananiadhibu kwayo mimi. Wifi hunisalimu kwa adabu kubwa kuliko zamani, na adabu hiyo ni baridi. Kiti ninacho.

Jana alikaa kwangu mwanamke mmoja, miongoni mwa wale wa mioyo ya kwanza. Hakutaja kilichopita nami sikukitaja. Nilipofika katikati ya kichwa akaanza.

"Umesikia ya fundi cherehani wa kona? Kamkatia mteja gauni, kitambaa kingine kakificha. Kundi zima linasema."

"Wewe umekiona hicho kitambaa?"

"Si wanasema."

"Nani alikipima?"

"Ah, msusi nawe. Lisemwalo lipo..."

Nikaweka kitana chini. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio.

"Umechoka?" aliuliza.

"Nani alikipima kitambaa?"

"Sijui mimi. Malizia, mtu aende."

"Hujui. Basi andika kule kwamba hujui."

Akacheka, akidhani natania. Nikavuta kigoda nikakaa, nikakunja mikono. Sikuwa na mteja mwingine siku ile. Akajishika upande uliosukwa, akajishika upande usiosukwa.

"Sasa utaniacha hivi?"

"Kichwa ni chako. Subira ni yangu."

Alinitazama kwenye kioo, mimi nikamtazama. Kisha akainama akaanza kutafuta simu mkobani.